Hoja ya Ukaguzi Namba Tisa

Ndugu Mkaguzi,
umeuliza kwa wino mwekundu, ukurasa wa kumi na saba:
"Shilingi milioni kumi na moja na laki nne. Chuma. Kazi yake nini?"
Naomba kujibu, ingawa siku ishirini na moja ulizonipa
nimezimaliza kwa kukizunguka kitu chenyewe,
asubuhi nikienda ofisini, jioni nikirudi.

Kwanza, kifungu.
Newala hatuna kifungu cha sanaa.
Tuna kifungu cha chokaa, cha mafagio, cha chai ya vikao,
cha dizeli ya gari lililo juu ya mawe.
Malipo nikayaweka kwenye Alama za Barabarani.
Kosa ni langu, sahihi ni yangu,
na kusema kweli halikuninyima usingizi:
watu hugeuka pale.

Aliyekitengeneza ni Salvina Nangomwa.
Baba yake alichonga mashetani ya mpingo,
macho matatu, ulimi hadi kitovuni,
wageni wakayaviringisha kwenye magazeti wakaondoka nayo,
na hakuna aliyesimama kikaoni kuuliza yana kazi gani,
kwa kuwa waliolipa hawakuwa sisi.
Salvina hakugusa mpingo. Aliomba mabati na mapipa
ya kiwanda cha korosho, kile kilichofungwa
mama yangu akiwa bado anadai mishahara ya miezi minne.
Akayakata, akayakunja, akayachomelea,
akayasimamisha kimo cha watu wawili na nusu.
Hakina uso. Kina tundu katikati.
Mkataba unasema "sanamu". Sanamu ya nani, hatukuandika.

Siku ya kukifunua, diwani Mnavahe alipaza sauti:
"Ndoo ya maji shilingi mia tano, nyie mnanunua tundu!"
Watu wakapiga makofi.
Mimi pia nilipiga.
Usiniandike kama mtetezi, Mkaguzi.
Mwanangu Sikudhani yuko darasa la tatu, anakaa sakafuni,
na hesabu nimeipiga, usidhani sijaipiga:
madawati mia moja arobaini na mawili,
na chenji ya elfu arobaini.

Lakini umetaka maelezo, nayatoa yote.
Foleni ya maji hupita pale. Wanawake hukalia ndoo zao
wakibishana. Bi Somoe anasema ni mlango wa bohari.
Jirani yake anasema ni tumbo, siku ya arobaini.
Bodaboda, kwa sababu ya kelele za kikao kile,
wamekipa jina: Mdeni.
"Nishushe kwa Mdeni." "Tukutane kwa Mdeni saa kumi."

Na mama yangu, ambaye hatoki nyumbani ila kwenda kliniki,
aliniomba nimpeleke.
Alipapasa bati kwa kiganja, taratibu,
kama anayetafuta upele mgongoni pa mtoto,
hadi akakuta namba iliyogongwa, ukingoni mwa pipa.
"Saba C," akasema. "Hapa ndipo nilipokuwa nasimama."
Mishahara hakuitaja.
Akaingiza mkono tunduni mpaka begani
akauacha humo
watu wakipita, ndoo zikigongana,
nami nimeshika mkoba wake, sijui nitazame wapi.

Hilo niliandike safu gani?

Kwenye daftari la mali nimekiwekea uchakavu,
asilimia kumi kwa mwaka, sawasawa na kabati.
Maana yake mwaka wa kumi kitakuwa sifuri,
kutu imekila pembeni,
tundu liko palepale.

Viambatisho: stakabadhi ya gesi ya kuchomelea;
muhtasari wa kikao, makofi hayakurekodiwa;
picha mbili, moja imeingia kidole changu.
Ukija kuhakiki, nakuomba usije na gari la ofisi.
Shuka stendi, mwambie bodaboda yeyote: kwa Mdeni.
Ni elfu moja.
Risiti hawatoi.